Bunduki nyuma ya kiti cha pikapu

Siku ya gulio, pikapu inayoingia Usinge haibebi mtu mmoja. Mbele ameketi dereva na mkewe, mtoto mchanga amepakatwa. Nyuma, juu ya bodi, kuna magunia ya mahindi, ndoo za asali, jirani anayewahi zahanati na watoto watatu waliopewa lifti. Gari hilohilo wiki iliyopita lilibeba marobota ya tumbaku, na wiki ijayo huenda likabeba maharusi au jeneza. Huku magharibi mwa Tabora, pikapu ni gari la ukoo mzima.

Katika baadhi ya familia kuna mzigo mwingine ambao hautajwi. Umeviringishwa kwenye khanga kuukuu au kwenye kiroba cha mbolea, ukalazwa nyuma ya kiti au chini ya miguu ya dereva. Ni bunduki.

Dereva anasimama mbele ya duka karibu na stesheni. Anashuka "dakika mbili tu" kulipa deni na kununua vocha. Mke naye anashuka kuangalia bei ya dagaa. Ndani ya gari anabaki mtoto wa miaka tisa, na funguo zimebaki zikining'inia kwenye usukani.

Wazazi wengi wakiulizwa kama mtoto huyo anajua bunduki ilipo, hujibu kwamba hajui, kwa kuwa hajawahi kuonyeshwa. Lakini ni mtoto yuleyule anayejua sukari inafichwa kabati gani, simu ya baba ina namba gani ya siri, na mama huweka hela ya kikoba chini ya godoro upande upi. Mtoto akinyamaza, haina maana kwamba hajui.

Barabara iliyozoea mtutu

Ukitaka kuelewa kwa nini silaha njiani haimshangazi mtu wa huku, anza na njia yenyewe. Usinge, kata ya Wilaya ya Kaliua, ipo kwenye Reli ya Kati, kati ya Kaliua na Nguruka. Reli hiyo, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilipita katika nchi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora, na kutoka Tabora kwenda Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu, vitambaa, shanga na chumvi ya Uvinza mabegani. Pembeni yao walitembea watu wenye bunduki.

Katika misafara hiyo bunduki ilikuwa ulinzi na ilikuwa pia salamu. Msafara ukikaribia mji ulipiga risasi hewani ili wenyeji wajue kwamba wageni wanakuja kwa uwazi. Ndivyo Henry Morton Stanley alivyoingia Ujiji Novemba 1871, alipomkuta David Livingstone. Na alifika huko kwa kuzunguka kusini, kwa sababu njia ya kawaida ilikuwa imefungwa na vita kati ya Waarabu wa Tabora na Mtemi Mirambo.

Mirambo, aliyetawala kutoka Urambo hadi alipofariki Desemba 1884, alijenga nguvu yake kwa vijana wapiganaji walioitwa rugaruga na kwa bunduki zilizopatikana kwa biashara ya pembe na kwa hongo ya wapita njia. Bunduki hizo ziliingia kupitia pwani. Mwaka 1888, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar alikadiria kwamba kati ya silaha 80,000 na 100,000 ziliingia bara kila mwaka kutoka pwani ya Afrika Mashariki.

Baruti nayo iliacha kumbukumbu yake. Januari 1893, Wajerumani walipoivunja ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe karibu na Tabora, mtemi huyo alilipua ghala lake la baruti akiwa ndani ya ngome kuliko kukamatwa. Wengi huisikia habari hiyo kama hadithi ya ushujaa, na ni kweli. Lakini inakumbusha pia kwamba nyumba za enzi zile zilikaa na baruti chini ya paa moja na watu.

Gobore na fataki mfukoni

Mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels uliozuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Mkataba uliacha mwanya kwa bunduki za zamani za gumegume zenye mtutu laini. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya bunduki ya kushindilia, ndilo gobore, ibaki vijijini muda mrefu baada ya majeshi kuiacha. Mafundi chuma nao walijifunza kuitengeneza. Hadi miaka ya karibuni yamekamatwa magobore yaliyotengenezwa kwa mabomba ya chuma, mengine kwa chuma cha usukani wa gari kuukuu.

Gobore lina tabia moja ambayo kila mzazi anapaswa kuifahamu. Likishashindiliwa baruti na goroli, kulitoa risasi ni kazi ngumu. Njia rahisi ni kulifyatua. Kwa hiyo mwindaji aliyerudi bila mnyama alirudi nalo limeshiba, akalitundika ukutani au juu ya dari likiwa hivyohivyo.

Usalama wa nyumba ulitegemea kitu kidogo kuliko punje ya hindi, nacho ni fataki. Fataki ndiyo hutoa cheche inayowasha baruti. Mwindaji makini aliiondoa, akaiweka kwenye kikopo na kukaa nayo mwenyewe. Gobore likabaki ukutani kama mpini wa jembe. Mtoto angeweza kuligusa, hata kulivuta, na kwa kawaida lisilie.

Hapo pana hekima na pana mtego. Hekima ni ile ya kutenganisha silaha na kinachoiwasha, ambayo ndiyo wataalamu wa leo wanayoifundisha. Mtego ni kwamba mtu aliyekulia kwenye nyumba ya gobore hujenga imani moyoni kwamba bunduki iliyotulia imelala. Akija kumiliki bunduki ya kisasa, huihamishia imani hiyo, na bunduki ya kisasa haifanyi kazi namna hiyo.

Gari lilipochukua nafasi ya mpagazi

Baada ya uhuru, silaha iliyoonekana zaidi barabarani huku ilikuwa ya Serikali. Land Rover za Idara ya Wanyamapori zilipita na askari wenye raifo, zikielekea Ugalla au kwenye mabwawa ya Malagarasi. Tembo wakiingia shamba, watu walimsubiri askari wa wanyamapori afike na gari. Wawindaji wa kitalii nao walipita na magari yao. Watoto walikua wakiona bunduki na gari vimeandamana, na mtu mwenye vyote viwili akiheshimiwa.

Miaka ya 1990 ilibadili picha. Vita vya Burundi kuanzia mwaka 1993, mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994 na vita vya Kongo kuanzia mwaka 1996 vilisukuma mamia ya maelfu ya watu kuingia magharibi mwa Tanzania. Wengi mno walikuwa watu wa amani waliokuja na watoto na masufuria. Lakini pamoja nao zilivuka silaha za kivita, na baadhi zikaangukia mikononi mwa majambazi. Katika barabara za Kigoma, Kibondo na Kasulu ilifika wakati mabasi yalisafiri kwa kusindikizwa na polisi wenye bunduki.

Mfanyabiashara aliyekuwa na pikapu wakati huo alikuwa na sababu ya kuogopa. Msimu wa tumbaku na asali, fedha zilitembea taslimu. Aliyekwenda kununua mazao alibeba mfuko wa noti na kupita pori la miombo kilomita nyingi bila mtandao wa simu. Aliyekuwa na kibali cha bunduki aliiona kama tairi la akiba, kitu kisichoachwa nyumbani.

Hali hiyo imebadilika kwa kiasi kikubwa. Malipo ya tumbaku hupitia vyama vya ushirika na benki. Tangu huduma za kutuma pesa kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, mnunuzi wa asali anaweza kumlipa mfugaji wa nyuki porini bila kubeba noti. Barabara ya kwenda Kigoma imeboreshwa, na Daraja la Kikwete limeondoa adha ya kuvuka Mto Malagarasi. Hatari haijaisha, lakini mfuko wa noti uliokuwa sababu kubwa ya kubeba bunduki umepungua sana.

Kilichobaki kwa wengi ni mazoea. Bunduki inakaa nyuma ya kiti kwa sababu ilikaa hapo tangu zamani.

Sheria inasemaje leo

Umiliki wa silaha nchini unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya mwaka 1991. Mwombaji huanzia kwa viongozi wa eneo analoishi, maombi yake hupita kwenye vyombo vya ulinzi na usalama, na Jeshi la Polisi ndilo linalosajili. Anatakiwa athibitishe kwamba anaweza kuitumia na kuitunza silaha. Nchi jirani nazo zimo kwenye mkondo huo: Aprili 2004 mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika yalitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo, na kuweka alama kwenye silaha ni sehemu ya makubaliano hayo.

Mwaka 2016 Serikali iliendesha uhakiki wa silaha nchi nzima, na Rais John Magufuli mwenyewe alihakikiwa silaha yake. Katika miaka iliyofuata, vimetangazwa pia vipindi vya msamaha ambapo mtu anayemiliki silaha kinyume cha sheria huisalimisha polisi au kwa viongozi wa mtaa na kijiji bila kushtakiwa kwa kuimiliki.

Kwa familia yenye pikapu, mambo manne ni ya kukumbuka.

Kwanza, kibali ni cha mtu. Si cha gari, wala si cha nyumba. Baba akiwa na leseni, mama hana, dereva hana, kijana wa kwanza hana. Baba akimpa dereva pikapu na bunduki ikiwa ndani, dereva huyo amebeba silaha isiyo yake.

Pili, mmiliki ana wajibu wa kuitunza silaha mahali salama na kutoa taarifa polisi ikipotea au ikiibwa. Kuiacha ndani ya gari lililoegeshwa ni kuikabidhi kwa yeyote mwenye jiwe la kuvunja kioo.

Tatu, kibali cha kumiliki si kibali cha kuingia nacho kokote. Kukutwa na silaha ndani ya hifadhi bila ruhusa ni kosa, hata kama silaha ina leseni. Ugalla ilipandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla mwaka 2019, na baba wa familia aliyezoea kukatiza njia za zamani anaweza kujikuta mahakamani kwa mazoea tu. Macho ni makali kwa sababu inayoeleweka: idadi ya tembo nchini ilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014, na bunduki ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Nne, bunduki hairithiwi kama ng'ombe au shamba. Mwenye leseni akifariki, silaha inapelekwa polisi kwanza, na mrithi anayeitaka anaomba kibali chake mwenyewe. Katika msiba watu hukumbuka hati ya kiwanja na kadi ya benki. Bunduki iliyo nyuma ya kiti cha gari la marehemu husahaulika mpaka mjukuu aione.

Kosa linalotokana na mazoea

Turudi kwenye ile imani ya gobore. Ukiondoa fataki, gobore limelala. Bunduki ya kisasa haina fataki ya kuondoa, kwa sababu kiwashio kimo ndani ya risasi yenyewe. Risasi ikiwa ndani ya chemba, kila kitu kinachohitajika kimekamilika.

Kosa linalorudiwa duniani kote hutokea kwenye bastola na raifo zenye magazini. Mtu anachomoa magazini, anaiona ina risasi zote, anaridhika. Anasahau kwamba risasi moja huenda ilikwishapanda kwenye chemba. Magazini iko mkononi, lakini bunduki bado imebeba. Ndiyo maana mafunzo husisitiza mpangilio usiobadilika: mtutu uelekezwe pasipo na mtu, magazini itoke kwanza, kisha chemba ifunguliwe, iangaliwe kwa macho na kuguswa kwa kidole. Halafu inarudiwa tena.

Kitasa cha usalama nacho si ulinzi wa kutegemea ndani ya gari. Pikapu inayopita kwenye makorongo ya masika inaruka, inayumba na kugonga. Kilicholazwa nyuma ya kiti kinasuguana na jeki, spana na mnyororo. Kitasa kinaweza kusukumwa, na kifyatulio kinaweza kunaswa na kamba. Bunduki yenye risasi ndani ya gari linalotembea inamwelekea mtu muda wote. Kama haimwelekei dereva, inamwelekea aliyekaa kwenye bodi.

Kufundisha peke yake hakutoshi

Wazazi wengi hujifariji kwa maneno haya: "Wanangu nimewaonya, hawawezi kugusa." Onyo ni jema, lakini lina mpaka.

Mwaka 2001, jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti uliofanyika Atlanta. Wavulana 64 wa umri wa miaka 8 hadi 12 waliwekwa kwenye chumba katika vikundi vidogo 29, wakiangaliwa kupitia kioo cha upande mmoja. Ndani ya droo kulikuwa na bastola halisi isiyo na risasi. Vikundi 21 viliiona. Vikundi 16 kati ya hivyo viliishika, na katika vikundi 10 kuna mtoto aliyevuta kifyatulio. Zaidi ya watoto 9 katika kila 10 walioishika walikuwa wameshafundishwa kuhusu usalama wa bunduki.

Watoto wale hawakuwa watukutu. Walikuwa watoto. Mkono wa mtoto hutangulia kumbukumbu yake, hasa akiwa na mwenzake wa kumwonyesha. Onyo la mzazi linafanya kazi mzazi akiwepo, na kufuli hufanya kazi hata asipokuwepo.

Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, ulilinganisha nyumba ambamo watoto na vijana walidhurika kwa bunduki na zile ambamo hawakudhurika. Mambo manne yalionekana kuhusiana na hatari ndogo: bunduki kufungiwa, bunduki kutokuwa na risasi, risasi kufungiwa, na risasi kuwekwa mahali tofauti na bunduki. Kila moja lilisaidia kwa nafasi yake.

Marekani yenyewe imepita njia inayofanana na hii. Miongo iliyopita, vijijini huko, raifo ya kuwindia ilining'inia kwenye kichanja cha kioo cha nyuma cha pikapu, ikionekana na kila mtu, hata kwenye viwanja vya shule wakati wa msimu wa kuwinda. Leo sheria za shule zimekaza, na gari limegeuka kuwa mahali ambapo bunduki huibwa kwa wingi. Kilichokuwa kawaida kwa babu kimekuwa mwanya wa mwizi kwa mjukuu.

Utaratibu wa nyumba yenye silaha na gari

Kwa mmiliki halali mwenye familia, hatua zifuatazo hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji msimamo.

Anza kwa kuuliza kama safari inaihitaji. Safari ya gulio, kanisa, msikiti, shule na zahanati haihitaji bunduki. Ibaki nyumbani ndani ya sefu iliyofungwa ukutani au sakafuni. Asiye na sefu, au anayesafiri kwa muda mrefu, aulize kituo cha polisi kuhusu kuihifadhi huko.

Kama lazima isafiri, isafiri bila risasi, ndani ya sanduku gumu lenye kufuli, na sanduku lifungwe kwa mnyororo kwenye chuma cha gari. Risasi zikae kwenye kisanduku kingine chenye ufunguo mwingine. Funguo zote mbili ziwe mwilini mwa mmiliki. Zisiachwe kwenye mkungu wa funguo za gari, kwa kuwa funguo za gari kila mtu anazishika.

Bunduki na watoto wa lifti visipande gari moja. Kama bunduki imo, watoto wasubiri gari lingine. Wakiudhika, wataudhika wakiwa salama.

Mmiliki akishuka, silaha ishuke naye au safari isiwe na kituo. "Dakika mbili tu" hazipimwi kwa saa ya mtu mzima. Mtoto hahitaji hata moja.

Kwenye kizuizi cha polisi au geti la maliasili, mmiliki azime gari, mikono ionekane, aseme mapema kwamba ana silaha yenye leseni na ataje ilipo, kisha asubiri maelekezo. Asiinamie chini ya kiti kuitafuta leseni. Askari haoni leseni, anaona mkono unaopotea.

Na kama tatizo ni wanyama waharibifu, bunduki siyo jibu la kwanza. Taarifa iende kwa serikali ya kijiji na maofisa wanyamapori. Huko Sagalla, karibu na Tsavo nchini Kenya, wakulima wamezungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki, kwa kuwa tembo huogopa nyuki. Kwa eneo lenye wafugaji wa nyuki hodari kama hili, mzinga mpenuni mwa shamba unaweza kulinda mahindi na kuleta asali.

Kuuliza bila kukosa adabu

Sehemu ngumu kwa mama wengi huwa ni kuuliza. Gari ni la shemeji au la baba mkwe, na lifti imetolewa kwa wema. Kuuliza habari ya bunduki huonekana kama kumtuhumu mkubwa.

Lugha ya heshima inatosha. Baada ya salamu, iwe "mwangaluka" au "shikamoo," mama anaweza kusema: "Shemeji, asante kwa kutuchukua. Samahani, watoto wangu wana mikono miepesi. Ile silaha leo umeiacha nyumbani?" Mzigo ameubeba yeye na watoto wake, na swali limefika. Kama jibu ni kwamba ipo, anaweza kumalizia: "Basi tangulieni tu, sisi tutafuata na bodaboda." Hakuna aliyevunjiwa heshima.

Kwa baba mkwe, njia nzuri ni kumpitia mwanawe. "Baba Fulani, mwambie babu watoto wanapenda mno kuchezea gari lake. Kile kitu kisikae mle." Wazee wengi wakisikia kwamba ni kwa ajili ya wajukuu, hawahitaji maneno ya pili.

Mtoto naye afundishwe maneno machache, kila mara yaleyale: ukiona bunduki simama, usiguse, ondoka hapo, mwambie mkubwa. Aambiwe pia kwamba akileta taarifa hiyo hatachapwa, hata kama alikuwa mahali alipokatazwa kuingia. Mtoto anayeogopa fimbo huficha alichokiona, na siku nyingine hukirudia.

Halafu mzazi asimwachie mtoto kazi hiyo. Mafunzo ya mtoto ni kinga ya mwisho, na ya kwanza ni kufuli la mzazi.

Kabla ya kuwasha gari

Wanyamwezi waliosafiri na misafara walijulikana Afrika Mashariki nzima kwa kazi ya kubeba mizigo. Mpagazi hakuondoka kambini kabla ya kukagua kamba, kwa sababu mzigo uliolegea ungemwangusha yeye na anayemfuata.

Desturi hiyo inaifaa pikapu ya leo. Jioni hii, kabla ya safari ya kesho, baba mwenye bunduki anaweza kutoka nje na tochi, akafungua mlango wa gari na kuinua kiti. Akiikuta pale aliyoisahau, aitoe, aikague chemba mara mbili, na kuifungia ndani. Kisha avute kiti mahali pake.

Asubuhi watoto watapanda, kama kawaida yao, wakigombea dirisha. Wataingiza mikono nyuma ya kiti kutafuta mpira, kiatu, au karanga zilizodondoka juzi. Watakachokuta huko kiwe jeki, spana na vumbi la Usinge.